Kanzu Iliyopanda Jukwaani Bila Mwenyewe

Kabla hujampima mtu suruali, mwambie achuchumae. Atakushangaa, lakini mwambie tu. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu, mwaka wangu wa kwanza katika duka la Tata Kaumba pale Dilala, mjini Kolwezi, nilipomshonea msimamizi mmoja wa mgodi salopeti ya bluu, nguo ya kazi ya kipande kimoja, ikamkaa kama ngozi yake. Aliondoka nayo asubuhi anatabasamu. Saa nne akarudi akitembea upandeupande, mikono yote miwili ameshika nyuma. Alikuwa ameinama kuokota spana mbele ya watu wake.

Tata Kaumba, yaani Baba Kaumba, fundi aliyenilea katika kazi, alikuwa mzee mfupi aliyeweka pini mdomoni tangu kufungua duka hadi kufunga. Hakunigombeza. Alitoa pini moja baada ya nyingine, akaniuliza:

"We ulimupima namna gani?"

"Wima, tata."

"Na ku mugodi beko banatumika wima?"

Akazirudisha pini mdomoni. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote ya siku ile, nami sijawahi kuyasahau.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya sindano. Nina miaka arobaini na saba, na macho yangu yamekataa kuliona tundu la sindano, kwa hiyo nimestaafu kabla ya wenzangu. Nimeshona Kolwezi, Mutoshi, Dilolo, Likasi, kisha Kolwezi tena, na sasa niko Kisenge, ambako vumbi la manganizi ni jeusi hata uzi mweupe ukiuacha mezani asubuhi, jioni unaukuta wa kijivu. Fundi mwenye akili huku hufunika uzi wake kabla ya kufunika chakula chake. Msiniulize kwa nini nilihamahama. Kila nilipoizoea sauti ya mlango wa nyumba, nilianza kuwaza mlango mwingine. Cherehani yangu imepanda treni mara nyingi kuliko wakaguzi wa tiketi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la binti mmoja wa hapa, Ngalula, anayeshonea mavazi kundi la michezo ya jukwaani. Alinijia juzi na kitambaa mkononi. Wana mchezo wa mtawala mkatili anayetesa mji kwa jina la dini.

"Tata, nitamuvalisha kanzu na kofia, nimutie na ndevu za pamba. Njo batu batajua mara moja."

Nilimwambia akae. Nilimweleza habari ya kanzu ya Tata Ramazani, na kwa kuwa nyote mtafika siku moja mahali alipofika yeye, nawaeleza na ninyi.

Miaka ile, sisi vijana wa Dilala tulikuwa na kundi letu la michezo. Mwalimu Ilunga ndiye aliyeandika. Alifundisha sekondari, Mkatoliki kutoka upande wa Kabongo, mtu mwembamba aliyesema polepole na kufuta ubao hata usipokuwa na maandishi. Aliandika mchezo kuhusu mji wa kubuni kando ya ziwa, unaotekwa na mtu anayejiita Sultani. Sultani anapiga marufuku ngoma. Anapiga marufuku kuimba, kucheka barabarani, wanawake kwenda sokoni. Anayekosa anachapwa mjeledi, na kabla ya kila mjeledi Sultani anataja jina la Mungu. Mwishoni vijana wanamfukuza. Ulikuwa mchezo mzuri, na mazoezini niliusikiliza huku sindano imesimama mkononi.

Mavazi yalikuwa juu yangu. Wakati ule kila mwanaume aliyeheshimika, kuanzia wakubwa wa serikali, alivaa abakosti, lile koti lisilotaka shati wala tai. Kwa hiyo vijana mashujaa niliwavalisha abakosti, wananchi wa mji niliwavalisha mashati na bilamba, nguo zao za kila siku, wanawake nikawafunika magunia meusi kwa amri ya Sultani, na Sultani peke yake alitakiwa avae kanzu nyeupe. Nilikuwa sijawahi kukata kanzu. Nikaenda kwa Tata Ramazani kuomba yake niipime.

Tata Ramazani alizaliwa Kasongo, alikuja Kolwezi kijana, akawa msafirishaji. Lori lake jekundu lilileta maharagwe na unga wa muhogo, na siku tulipohamisha duka lilibeba cherehani zetu zote naye akakataa hata chai. Kila Ijumaa mchana alipita mbele ya duka kwa miguu akienda msikitini, amevaa kanzu yenye tarizi ya uzi mwekundu uliokolea shingoni. Tarizi hiyo ilishonwa na mama yake kwa mkono, kabla hajafa. Dilala nzima iliijua ile shingo. Tata Kaumba alikuwa akiacha kazi kuitazama ikipita, kwa wivu wa fundi.

"Kuipima tu, tata," nilimwambia. "Nitakata nyingine kama hii."

"Uirudishe mbele ya Ijumaa, mwanangu."

Alinipa ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kitambaa cheupe nilichoagiza hakikufika. Ningeweza kutafuta njia nyingine, na baadaye mtaona kwamba ilikuwapo, lakini nilikuwa na mavazi mengine ya kumalizia na kanzu nzuri ilikuwa imetundikwa ukutani, saizi ileile ya Kabwita, mchezaji wetu wa Sultani. Jumapili mchana, katika ukumbi wa wafanyakazi, nilimvalisha Kabwita kanzu ya Tata Ramazani.

Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi, tukawasha taa mbili kubwa. Jifunzeni hapa jambo la taa: mbele ya taa kali, nguo nyeupe hurudisha mwanga wote. Ukimweka mtu mmoja mwenye nyeupe kati ya watu wenye rangi za giza, hakuna jicho litakalotazama mwingine. Kabwita alipotoka, ukumbi mzima uliona kanzu, na pale shingoni wakaona tarizi.

"Eh, huyu shi ni Tata Ramazani?"

"Tata Ramazani, lori umeiacha wapi?"

"Leo unapiga na batu fimbo?"

Walicheka hadi Kabwita akasahau maneno yake. Mwalimu Ilunga, nyuma ya pazia, alifurahi, akidhani mchezo umeshika. Mimi pia nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Aliyenyamaza ni Tata Kaumba, aliyekaa mstari wa mbele. Mchezo ulipokwisha alinijia, mdomo wake hauna pini.

"Ile nguo, uliomba ya kupima ao ya kuvala?"

Nikaenda kumvua Kabwita kanzu.

Sokoni kesho yake ulikuwa utani. "Sultani anafika, mufiche ngoma." Tata Ramazani alicheka nao, akawapigia honi. Katikati ya wiki utani ukabadilika harufu. Mama mmoja aliyepakia magunia yake kwenye lori lile tangu zamani aliyapeleka kwenye lori jingine, akasema mume wake ndiye ameamua. Kisha mtu asiyejulikana akapaza sauti nyuma ya vibanda, "Batambatamba." Hilo ni jina ambalo watu wa kaskazini waliwapa wateka watumwa wa zamani, waliokuja wamevaa kanzu na bunduki begani. Tata Ramazani hakuwa amezaliwa wakati wao. Babu yake mwenyewe aliwahi kufungwa kamba na watu hao. Lakini nani anauliza babu wa mtu wakati shingo ya kanzu imemtolea ushahidi?

Alhamisi niliirudisha nguo kama nilivyoahidi. Ijumaa saa sita na nusu nilikaa mlangoni kumngoja apite, kama kawaida. Alipita. Alikuwa amevaa suruali na shati la kahawia, na kwapani amebana kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Alitusalimia vizuri, kama siku zote. Tata Kaumba alimwangalia mpaka alipokunja kona.

"Anaenda kuivala ndani ya musikiti," akasema. "Atoke, aivule, aifunge tena."

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na wiki baada ya hiyo. Sasa mnaelewa kwamba mimi, niliyejifunza kushona ili watu wavae, nilikuwa nimemvua mtu nguo yake barabarani. Nilitaka jambo moja tu: nimwone tena akipita na kanzu mwilini.

Nilimshika Mwalimu Ilunga tukaenda kwa Tata Ramazani. Mama Mariamu, mke wake, alitufungulia, akatuwekea viti na chai, halafu akakaa upande wa pili wa meza, uso ameukunja. Nilikiri yangu kwanza. Nilisema niliomba kupima nikavalisha. Tata Ramazani alitikisa kichwa kidogo.

"Hiyo ni yako na mimi, tutaimaliza. Mimi nataka kuongea na mwandishi. Mwalimu, umeleta daftari?"

Mwalimu alikuwa nalo mfukoni. Tata Ramazani akavaa miwani, akasoma yote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, sisi tukiangalia chai inapoa. Alipomaliza akasema, "Umeandika vizuri." Mwalimu akataka kushukuru, lakini mzee aliinua kidole.

"Hesabu batu wanaosali ndani ya hii daftari."

"Eko Sultani," alisema Mwalimu.

"Na nani tena?"

Mwalimu alifungua kurasa, akazifunga. "Tata, mi sikuandika juu ya Uislamu. Niliandika juu ya utawala ya nguvu. Na batu kama Sultani beko. Si mi nilibavumbua."

"Wako. Sikatai. Niliwasikia tangu utoto wangu, na wengine nilisali nao mstari mumoja. Lakini ngoja nikuulize. Mtu kama huyu akifika Kasongo, kwetu, atapiga nani wa kwanza? Atapiga mama yangu, kama angekuwa muzima, juu aliimba kwenye harusi. Atapiga baba mudogo, juu alipiga matari siku ya maulidi. Atapiga huyu," akamwonyesha mkewe, "juu anauza maandazi sokoni. Atatumaliza sisi mbele ya kumufikia Mukatoliki hata mumoja. Wewe ulituondoa wote ndani ya muji, ukamuacha yeye peke yake na dini yetu."

Mwalimu akasema neno la walimu: hadithi ni hadithi, mji ni wa kubuni, haimtaji mtu.

"Sawa," alisema Tata Ramazani. "Kama ni utawala tu, juu ya nini haukumuvalisha abakosti?"

Nawaambia, chumba kilikuwa na abakosti mbili, yangu na ya Mwalimu. Tulijikuta sote tunaangalia mlango. Mwalimu alinyanyua kikombe kilichokwisha poa, akanywa chote kwa mkupuo.

"Unaona," mzee alisema, sauti yake laini kabisa. "Mwenye abakosti angekuita ukaeleze. Mwenye kanzu anafunga nguo yake ndani ya gazeti."

Mama Mariamu ndiye aliyeanza kucheka, kwa namna Mwalimu alivyokuwa ameshika kikombe kitupu. Tata Ramazani akacheka. Tukacheka wote, na Mwalimu akachukua kalamu.

Kurekebisha daftari kulikuwa kazi yake. Yangu ilikuwa nguo, na hapo nilikwisha ona palipoharibika. Maneno yalikuwa yanasema utawala, lakini nguo zangu zilikuwa zinasema kitu kingine, na watu husikiliza nguo kwanza kwa sababu zinaingia jukwaani kabla ya mdomo kufunguka. Nikawaambia kwamba kama mji ule una watu wanaosali, basi mji mzima uvae. Vijana mashujaa wavae kanzu. Muuza samaki avae kofia. Mama wa sokoni ajitande. Wanaochapwa wavae nyeupe kama anayechapa.

"Nguo zitatoka wapi?" aliuliza Mama Mariamu.

Niliangalia miguu yangu.

"Kwetu," akajijibu mwenyewe. "Mulichukua moja, bakaicheka. Sasa munaomba zote."

"Ndiyo, mama."

"Na mukichekwa tena?"

Sikumwahidi kwamba hatutachekwa. Akatoa masharti yake. Mwanamke yeyote jukwaani asifunikwe kwa gunia jeusi kama nilivyokuwa nimewafunika. Atawafundisha yeye namna ya kujitanda. Na ndani ya mchezo awepo bibi anayeimba harusini, ambaye Sultani anamkataza, na bibi huyo awe mtu wa kusali kuliko Sultani.

Alizunguka yeye mwenyewe kwa familia za Kiislamu za Dilala. Wengine walikataa, na mzee mmoja alisema mchezo wenyewe ni matusi hata ukipakwa asali, aliyetaka kuonyesha ubaya aonyeshe wa kwake. Sikumwona mjinga wakati ule na simwoni mjinga leo. Wengine walitoa. Nilipokea kanzu ishirini na kitu, na hapa chukueni ujanja wa kazi: nguo za kuazima usiziandike kwa wino. Kila nyumba niliipa rangi yake ya uzi, nikapiga mishono mitatu ndani ya pindo. Kijani nyumba hii, njano nyumba ile. Siku ya kurudisha, unafunua pindo, unajua mwenyewe, unafumua, na nguo haina kidonda.

Hakuna aliyetoa kanzu ya Sultani. Hiyo ilikuwa haki yao. Nikachukua magunia ya unga ya kitambaa, nikayaloweka kwa majivu na sabuni, nikayaanika juani na kuyanyunyizia maji kila yalipokauka, hadi maandishi yakafifia. Yalitoka meupe. Njia hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, kama nilivyowaambia. Sikuitafuta kwa sababu nguo ya mtu mwingine ilikuwa karibu na mkono.

Mazoezini Kabwita alisimama kati ya wenzake, wote weupe, akajitazama.

"Lakini sasa batajua namna gani mi njo mubaya?"

Tata Ramazani alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua mkewe. "Fanya ubaya," alimwambia. "Watakujua."

Kabwita hakulala vizuri wiki ile. Mwanzo alikuwa amekodi ubaya wake kwa kanzu, sasa ilimbidi autafute ndani. Aliacha kupiga kelele. Alijifunza kumtazama mtu kimya kabla ya kumchapa. Mimi niliyemjua kuwa karani mpole wa stoo, nilianza kumwogopa.

Tulicheza Mutoshi, Jumapili mchana tena, ukumbi umejaa wachimbaji na wake zao. Lori jekundu ndilo lililobeba mavazi. Tata Ramazani alikaa mstari wa mwisho, na shati lake la kahawia.

Sitawadanganya kwamba wote walielewa. Pazia lilipofunguliwa na mji mzima ukaonekana mweupe, sauti moja nyuma ilitupa lile neno, "Batambatamba," na kicheko kikapita. Nilimwona Mama Mariamu, aliyesimama nami pembeni, akishika ncha ya mtandio wake. Kisha bibi akaanza kuimba wimbo wa harusi aliofundishwa naye. Mchezaji alikuwa Mkristo, mke wa mchimbaji, mwenye sauti nzito. Sultani akaja, akamtazama kimya, akamwamuru anyamaze kwa jina la Mungu. Bibi akasema: "Hilo jina nilikufundisha mimi, mwanangu, ulipokuwa mgongoni mwangu. Sikukufundisha kwa kupiga." Akaendelea kuimba. Mjeledi ukapanda.

Mwanamke mmoja mstari wa tatu alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea jikoni kwake: "Uyu mutoto eko anapiga mama yake."

Hakuna aliyecheka tena hadi mwisho. Waliotoka ukumbini walimwita Kabwita majina yote, lakini lile la Batambatamba halikuwamo. Kabwita alifurahi sana. Yule mzee aliyekataa kutoa nguo, alipoelezwa, alisema bado angependa Sultani awe na dini nyingine. Mwalimu Ilunga alisema labda siku moja atamvalisha abakosti, zikishapitwa na wakati.

Nilifumua uzi wangu wa kijani na wa njano, nikarudisha kila kanzu nyumbani kwake. Halafu ikaja Ijumaa. Tulikuwa na kazi nyingi dukani, lakini Tata Kaumba alikuwa amekokota kiti chake hadi mlangoni, akisema kwamba mle ndani hakuna mwanga. Mwanga ulikuwapo.

Saa sita na nusu ilipita. Dakika chache baadaye tuliona tarizi ile ikikunja kona, kisha kanzu nzima, kisha Tata Ramazani ndani yake. Kifurushi hakikuwapo. Alitembea katikati ya barabara mpaka mbele ya duka, akasimama, akanyanyua pindo.

"Limefumuka hapa. Mlango wa lori."

"Ivue, tata, nikushonee sasa hivi."

"Siivui."

Nilichukua sindano, nikapiga magoti vumbini mbele yake. Nilianza kushona mishono midogo, ile ya kazi ya watu wakubwa, na sikufanya haraka. Watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni. Yule mama wa magunia alipita, akapunguza mwendo.

"Jambo, Tata Ramazani."

"Jambo, mama. Batoto bazima?"

"Bazima. Lori inatoka lini?"

"Kesho asubuhi."

Nilisikia yote kutoka chini, mkono wangu ndani ya pindo. Uzi ulipokwisha, nilifunga fundo, nikauma ncha kwa meno. Alitikisa kanzu ikakaa sawa, akaenda kusali.